Viazi vyangu vya oveni vilikuwa vinachemka

Mara ya kwanza kuwaandalia wageni viazi vya oveni, shangazi alichukua kimoja, akakichoma uma, uma ukazama kimya kimya. Akatafuna taratibu, akameza, akasema: "Mwanangu, viazi vyako vya kuchemsha vimekolea chumvi vizuri."

Nikajibu, "Asante, shangazi." Ningesema nini? Vilikuwa vimetoka kukaa ndani ya oveni dakika 50.

Nilichokuwa nakitaka nilikijua: kiazi chenye ukoko wa rangi ya dhahabu unaolia chini ya jino, halafu ndani laini, karibu kiwe cha kuponda. Nilichokuwa nakipata ni kimoja kati ya viwili. Ama viazi vimepauka na kulegea, vimelala kwenye mafuta kama vinaumwa, ama vimeungua kwa nje huku katikati bado vinagoma. Nilihangaika hivyo miezi kadhaa, nikitafuta wa kumlaumu. Nikalaumu mafuta, nikabadilisha mafuta. Nikalaumu viazi. Nikailaumu oveni, na hapo sikuwa nimekosea sana, lakini hilo nitalifikia.

Aliyenifumbua macho ni mdogo wangu, anayesoma kemia na ambaye jikoni kazi yake ni kukaa kwenye stuli na kuonja. Siku hiyo nilifungua mlango wa oveni kuvigeuza, wingu la mvuke likanipiga usoni, miwani ikafunga ukungu, nikasimama pale na kitambaa mkononi sioni kitu.

"Dada," akasema, "huo mvuke wote unatoka wapi?"

"Kwenye viazi. Utoke wapi tena?"

"Sasa vitaokwa saa ngapi?"

Nikataka kumfukuza. Lakini alichoeleza baada ya hapo ndicho kilichobadilisha kila kitu. Kiazi kibichi karibu asilimia 80 ni maji. Maji yakiwa bado yanachuruzika juu yake, uso wa kiazi haupandi kupita nyuzi 100 za Selsiasi, hata oveni uifungulie mpaka mwisho, kwa sababu joto lote linatumika kuyageuza hayo maji kuwa mvuke. Rangi ya dhahabu na ile harufu ya kuokwa zinaanza kujengeka kwa kasi kwenye nyuzi 140 hivi. Wanakemia wameliita badiliko hilo kwa jina la Mfaransa Louis-Camille Maillard, aliyelieleza mwaka 1912, nalo ndilo linalotia rangi mkate na nyama ya kukaangwa. Kwa maneno mengine, shangazi alikuwa sahihi. Viazi vyangu vilikuwa vinachemka, ila kwenye trei.

Tulifanya jaribio palepale. Nilikuwa nimepakia kilo 2 kwenye trei moja, vipande vimebanana, vingine vimepandana. Tukavigawa kwenye trei mbili, moja nikaipunguza kabisa, kila kipande kikawa na nafasi ya upana wa kidole pande zote, na nyingine nikaiacha imejaa. Zote mbili zikapata muda uleule, na katikati nikazibadilisha nafasi, ya juu ikaenda chini na ya chini juu. Trei yenye nafasi ikatoka na kingo za kahawia. Ile iliyojaa ikatoka vilevile kama siku zote, na chini yake kumetuama maji yaliyochanganyika na mafuta. Tangu siku hiyo, viazi vikizidi trei moja natumia mbili, na kama trei ya pili haipo basi vinavyozidi vinasubiri zamu. Sivibananishi tena.

Nafasi peke yake haikutosha, maana kingo tu ndizo zilizokuwa zikishika rangi. Ukoko wenyewe haukuwapo. Hapo ndipo nilipoanza kuvichemsha kwanza, jambo nililokuwa nalikwepa kwa uvivu, na tena lilionekana ni kichekesho: unayakimbia maji, halafu unaanza kwa kuvitosa kwenye maji! Lakini kuchemsha kunafanya kazi mbili. Kunaivisha katikati mapema, ili oveni ibaki na kazi ya nje tu, na kunalainisha uso wa kiazi mpaka unakuwa uji mzito wa wanga. Uji huo ukikauka ndio unaokuwa ukoko.

Navimenya, navikata vipande vikubwa kidogo, kama nusu ya yai la kuku kila kimoja, na nahakikisha vinalingana. Kwa kilo moja na nusu ya viazi naweka lita 3 za maji ya baridi, kijiko kikubwa cha chumvi, na nusu kijiko cha chai cha bekingi soda. Soda hiyo ni siri nyingine ya mdogo wangu. Maji yakiwa na ukali kidogo wa magadi, ile gundi inayoshikanisha nyama ya kiazi inalegea haraka, kwa hiyo uso unachakaa vizuri kabla katikati haijavurugika. Nusu kijiko, jamani. Mara ya pili nilijisemea kwamba kama kidogo ni kizuri basi kingi ni kizuri zaidi, nikatia kijiko kizima kilichojaa. Nilipogeuka kutafuta chujio na kurudi, nusu ya sufuria ilikuwa uji wenye ladha ya sabuni. Tulikula wali siku hiyo. Na angalia usichukue bekingi pauda kwa kufikiri ni kitu kimoja, maana pauda ina asidi ndani yake ya kuizima hiyo soda, kwa hiyo haikufanyii kazi uliyoitaka.

Maji yakishachemka nahesabu dakika 10 hivi, naanza kupima kwa kisu. Kisu kiingie mpaka katikati kikikutana na ukaidi kidogo tu mwishoni. Namwaga kwenye chujio, navirudisha ndani ya sufuria yenyewe ikiwa bado ya moto, bila mfuniko, naviacha.

Hapa ndipo nilipokuwa nikiharibu kwa haraka zangu. Viache. Dakika 5 mpaka 7. Utaona mvuke unapanda, kwanza kwa nguvu, halafu nyuzi nyembamba, halafu unakwisha. Uso wa kiazi unabadilika mbele ya macho yako, unatoka kwenye kung'aa, unakuwa mweupe mkavu kama ukuta uliopakwa chokaa. Ukikigusa, kidole kinatoka na unga badala ya unyevu. Mvuke unaotoka pale kwenye sufuria ni mvuke ambao hautahitaji kutoka ndani ya oveni, na ninapovisimamia siku hizi nasikia raha ya ajabu, kama mtu anayeangalia nguo zinakauka kwenye kamba.

Ndipo natia mafuta, vijiko vikubwa 4 au 5, na chumvi kidogo. Nafunika sufuria, naishika kwa mikono miwili na kuitikisa kwa nguvu mara 10 au 15. Mara ya kwanza niliogopa kuvivunja, nikavipapasa tu. Usivionee huruma. Kingo zinatakiwa zikwanguke, zichanganyike na mafuta, kila kipande kivae koti la uji unaonata. Ukifungua na kuona bado ni laini vimeng'ara, funika, tikisa tena.

Mafuta yenyewe hayana makuu. Ya alizeti yanafaa, samli inafaa na ina harufu nzuri zaidi. Siagi ya kawaida niliiacha, kwa sababu ina chembe za maziwa zinazoungua kabla kiazi hakijapata rangi, na mwishoni unapata vidoadoa vyeusi na uchungu.

Sasa oveni. Nilikuwa nimeshaweka kitufe kwenye nyuzi 220 mara zote na kukiamini, mpaka niliponunua kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani. Kikasoma 185. Nikasubiri robo saa, 190. Kumbe taa ya oveni ilikuwa inazima ikidai imeshapata joto, na mimi nikaingiza trei kwa imani. Sasa najua kwamba 220 ya kweli kwa oveni yangu ni kitufe kuelekea 250, na kwamba inahitaji nusu saa nzima ya kupashwa moto. Oveni yako itakuwa na tabia zake. Kama ina feni, punguza nyuzi 20 hivi, maana upepo wa feni unakausha na kuokea kwa nguvu zaidi. Trei nayo naiacha humo ndani ipate moto. Viazi vikitua juu yake lazima usikie *chaaa*. Ukimya hapo ni dalili kwamba umeharakisha.

Kinachofuata ni kutogusa. Dakika 20 hadi 25 za mwanzo, mlango umefungwa. Zamani nilikuwa navigeuza kila baada ya dakika 7 kama mtu anayebembeleza mtoto, na kila nikivigeuza ngozi inabaki kwenye trei. Ukoko ukiwa haujakomaa unang'ang'ania chuma, ukikomaa unaachia wenyewe. Nasukuma kipande kimoja kwa mwiko bapa wa chuma. Kikigoma, nafunga mlango. Kikiteleza, nageuza vyote, navirudisha kwa dakika 25 hadi 30 nyingine, na katikati navitikisa mara moja.

Utajua vimeiva kwa sikio. Trei ukiitikisa, viazi visivyo tayari vinagonga kama vitambaa vilivyolowa. Vilivyo tayari vinalia kama kokoto.

Kitunguu saumu kilinitesa peke yake. Nilikuwa nakikatakata na kukichanganya na viazi tangu mwanzo, kikitoka ni makaa. Siku hizi nakipasha kwenye yale mafuta kabla, kwenye kikaango kidogo, moto mdogo, pamoja na majani ya rozimari. Kikianza kuwa rangi ya asali nachuja. Mafuta, yakiwa yamebeba harufu yote, yanakwenda kuvipaka viazi. Vile vipande vya kitunguu na majani naviweka pembeni kwenye kibakuli, navirudisha kuvichanganya na viazi vikiwa vimeshatoka, pamoja na pilipili manga. Basi. Mtu akitaka ndimu atakamua mwenyewe.

Kuhusu rangi, nilipoanza kufanikiwa nikaingiwa na tamaa, nikawa navisukuma mpaka kahawia iliyokolea sana. Mdogo wangu akanikalia kooni tena. Mwaka 2002 watafiti nchini Sweden walitangaza kwamba vyakula vya wanga vikipikwa kwa moto mkali vinatengeneza akrilamaidi, kemikali ambayo kwa wanyama wa maabara imehusishwa na saratani, na kadiri rangi inavyozidi kuwa nyeusi ndivyo inavyoongezeka. Ninasimama kwenye dhahabu. Hata kwa ulimi, kahawia nyeusi ina uchungu, kwa hiyo sijapoteza kitu. Nimeacha pia kuviweka viazi vibichi kwenye friji, kwa sababu baridi inageuza sehemu ya wanga wake kuwa sukari, na sukari inakimbilia weusi kabla ukoko haujajengeka.

Kuhusu aina ya viazi, vyenye unga mwingi ndivyo vinavyochakaa vizuri. Vile vinavyobaki vigumu na kuteleza hata baada ya kuchemshwa vinafaa kachumbari ya viazi kuliko kazi hii. Majina yamo mengi na muuzaji mara nyingi hajui, kwa hiyo mimi nachemsha kimoja kwanza. Kikianza kupasuka pasuka pembeni, hicho ndicho.

Shangazi alirudi mwezi uliopita. Sikumwambia kitu. Niliweka bakuli mezani, nikakaa mbali kidogo, nikajifanya nakata kabichi. Nikasikia ule mlio wa ukoko, halafu kimya.

"Hivi umevikaanga?"

"Hapana, shangazi. Ni vya oveni."

"Mh." Akachukua cha pili, cha pembeni, kile chenye kona nyingi. Bakuli lilipobaki na makombo, akainuka, akaenda jikoni na sahani yake. Nilimkuta amesimama juu ya sinki na mwiko bapa mkononi, anakwangua trei.

"Usiioshe kwanza," akaniambia bila kugeuka.