Mradi wa kiberiti cha kunusa umeme: sasa kinasoma hadi limau

Kidude changu cha kutambua umeme kimefika pazuri jamani, leo umeme wa limau umeisogeza sindano ya dira bila ubishi, sasa ngoja niandike kabla sijasahau nilivyofanya.

Ni dira ndogo, zile za kwenye vishikio vya funguo, nimeilaza ndani ya kiberiti kitupu halafu nikazungushia waya wa kusukia mota, ule mwembamba wenye vanishi. Umeme ukipita unazaa usumaku, sindano inahama. Si mambo mapya haya, mwanasayansi Ørsted wa Denmaki aliliona hilo 1820, na mwaka huohuo Schweigger kule Ujerumani akaonyesha kwamba waya ukizungushwa mara nyingi sindano inasukumwa zaidi. Mimi nimeng'ang'ana hapo kwa Schweigger.

Nilianza na mizunguko 50. Betri ya volti 1.5 kupitia rezista (kile kipande cha kupunguza umeme) ya omu 1000 sindano ilisogea, kidogo lakini unaona. Limau, lenye msumari wa bati upande mmoja (ule uliopakwa zinki) na kipande cha shaba upande wa pili, likaishia kuitikisa tu, unabaki unajiuliza ni umeme au ni meza imeguswa. Nikaongeza hadi 200 na hapo ndo mambo yakabadilika. Ukigeuza nyaya sindano inaenda upande wa pili, kitu ambacho balbu ya tochi haiwezi kukwambia, na kwa umeme wa limau balbu haiwaki hata kidogo.

Kazi yenyewe iko kwenye kusuka. Usizungushe waya ukaziba dira yote, nimesuka mafungu mawili nikaacha nafasi katikati ya kuchungulia sindano. Ncha za waya lazima zikwanguliwe kwa msasa mpaka shaba ing'ae, vanishi ikibaki hakuna kitu kinapita. Halafu kabla ya kuunganisha geuza kiberiti mpaka waya zilale sambamba na sindano, yaani kaskazini-kusini. Zikilala mashariki-magharibi unaweza kupitisha umeme na sindano ikatulia tuli kama hamna kitu, kwa sababu koili (huo waya uliozungushwa) inavuta kwenye mstari uleule ambao dunia inavuta. Simu, mkasi na spika weka mbali.

Rezista usiitoe ukitumia betri, koili peke yake inakula betri na waya unapata moto. Na kwenye soketi ya ukutani msijaribu kabisa, utakufa bure na sindano yenyewe haitakuonyesha lolote, ule umeme unageuka mara 100 kwa sekunde, haiwezi kuufuata.

Kinachofuata nataka kusuka koili ya pili, niingize na kutoa sumaku ya spika mbovu ndani yake nione kama sindano itashtuka, lile jaribio la mwanasayansi Faraday la 1831, sumaku ikisogea ndani ya koili inazaa umeme. Waya wa kuunganisha koili mbili utabidi uwe mrefu, mita mbili hivi, sumaku isije ikaivuta sindano yenyewe nikashangilia bure.