Jinsi nilivyounganisha rauta mbili kwa Wi-Fi iliyofichwa

Rauta kubwa iko sebuleni, na jina la mtandao wake nililificha zamani. Nikanunua ya pili kwa ajili ya chumba cha mama, uani, ziunganishwe bila waya. Ikagoma. Kila nikibonyeza kutafuta mitandao, ya majirani imejaa, yetu haipo.

Nilichokuwa sijui: mtandao uliofichwa hautangazi jina lake, lazima uliandike mwenyewe. Nikaliandika, bado. Jioni nzima ilipita mpaka nilipolisoma herufi kwa herufi: sebuleni ni “Nyumbani”, mimi nimeandika “nyumbani”. Kwa rauta hayo ni majina mawili tofauti kabisa. Nikarekebisha, nikachagua WPA2 (aina ya ulinzi wa Wi-Fi) kama ya sebuleni, na chaneli, yaani njia ya mawimbi ya Wi-Fi, nikaifunga kwenye 6 kote kuwili, isihamehame yenyewe.

Taa ikawaka, lakini intaneti hamna. Kumbe zote mbili zilikuwa na anwani moja ya mtandao, 192.168.1.1, zikagongana! Ya uani nikaipa 192.168.1.2 na kuzima DHCP yake (huduma inayovipa vifaa anwani), ili ya sebuleni pekee ndiyo igawe anwani. Usiku uleule mama akaongea kwa video na mdogo wangu, picha haikukwama hata mara moja.