Asubuhi ya upepo

Tulifika ufukweni mapema, mimi na mtoto wa dada yangu, na bahari haikuonekana. Ukungu ulifunika maji mpaka kwenye vilima vya mchanga. Upepo ulipoanza, nilidhani ungeusukuma wote kwenda bara. Kumbe sehemu kubwa haikwenda popote. Matone ya ukungu ni madogo mno, mengi hayafikii hata sehemu ya ishirini ya milimita. Upepo uliyachanganya na hewa kavu ya juu, yakageuka mvuke palepale. Matundu yakatokea, na ndani yake tukaona maji yameshaanza kukunjamana.

Muda si mrefu mawimbi yakavaa povu. Mbali kidogo lilielea gogo.

“Mjomba, mbona mawimbi yanakuja na lile gogo haliji?”

Swali zuri, na watu wazima wengi hawaliulizi. Tulilitazama: wimbi likifika, gogo linapanda na kusogea mbele; likipita, linashuka na kurudi nyuma, karibu palepale. Maji huzunguka tu, kinachosafiri ni ule msukumo. Upepo huburuta maji ya juu kweli, ila polepole. Povu nalo lilikuwa limejipanga kwa mistari mirefu iliyofuata upepo. Irving Langmuir, mwanakemia wa Marekani, aliona magugu ya bahari yamejipanga hivyo alipokuwa akivuka Atlantiki mwaka 1927, akaja kuonyesha kwamba chini ya mistari hiyo maji hujiviringisha, na pale yanapokutana na kuzama ndipo vinavyoelea hubaki.

Mchanga ulichelewa. Ukungu ulikuwa umeulowesha, na punje zenye unyevu hushikana. Jua lilipoukausha, ghafla vifundo vya miguu vikaanza kuchoma kama vimepigwa na upupu, huku nyuso zetu hazina hata chembe. Mhandisi wa jeshi la Uingereza, Ralph Bagnold, aliyezunguka sana jangwa la Libya, alilieleza jambo hili kitabuni mwaka 1941: punje haipeperuki, inaruka. Ikitua huzigonga nyingine, nazo zinaruka. Zilizo nzito zaidi husukumwa zikitambaa. Kileleni mwa kilima zilikuwa zikimwagika upande wa pili, kwenye mteremko wa nyuzi kama 34, ambao mchanga mkavu hauwezi kuuzidi bila kuporomoka.

Kijana hakujali nyuzi. Alichuchumaa, akafumba macho haraka, akasimama, akainama tena, mpaka akapata mahali mchanga unapoishia: chini kidogo ya goti lake. Tulipohamia penye kokoto, ukamfika mapajani. Akataka sababu. Nikamwambia punje ikigonga kitu kigumu hudunda juu zaidi, na kabla sijamaliza alishaondoka kwenda kutafuta mwamba.