Pa Kushika Mkono

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Juma hili nimerudi Ufunuo 1, na nimekwama aya ya 9: "Mimi Yohana, ndugu yenu na mwenye kushiriki pamoja nanyi katika mateso na ufalme na subira ya Yesu, nalikuwa katika kisiwa kiitwacho Patmo."

Kisiwa hicho nimekikanyaga. Ni cha Ugiriki, kina watu kama 3,000, na uwanja wa ndege hakina. Ukitoka Piraeus, bandari ya Athene, unasafiri kwa meli saa nyingi. Nilishuka bandarini Skala na usingizi machoni. Kimya. Paka wawili, na mzee mmoja akitengeneza nyavu. Juu kilimani, katikati ya nyumba nyeupe za mji wa Chora, imekaa monasteri ya Mtakatifu Yohana, iliyoanzishwa mwaka 1088, kuta zake nene za kijivu kama ngome, maana maharamia walikuwa hawachezi. Wageni wengi hukimbilia huko. Mimi nilisimama katikati ya njia, kwenye pango ambamo, kwa mapokeo, Yohana alipewa Ufunuo.

Pango lenyewe ni dogo, dari ya mwamba iko karibu na kichwa, taa za mafuta, harufu ya ubani. Ukutani, karibu na sakafu, kuna kishimo kilichozungushiwa fedha: mapokeo yanasema hapo Yohana alilaza kichwa. Juu yake kidogo kipo kingine, alipokuwa akishika ili ainuke.

Mapokeo ni mapokeo, sitabishana na mtu. Ila kile kishimo cha pili kilinishika. Aliyeonyeshwa kiti cha enzi na bahari ya kioo, akiamka anapapasa mwamba atafute pa kushika! Nikamkumbuka bibi yangu. Alikuwa na mahali pake kwenye mwimo wa mlango, pamekuwa peusi na laini kwa kiganja chake, na hakuna aliyethubutu kupapaka rangi.

Sasa someni aya ya 16 na ya 17 pamoja, msizitenganishe. Mkono wa kuume wa Bwana umeshika nyota saba. Yohana anaanguka kama mtu aliyekufa. Na mkono uleule "akaweka… juu yangu, akisema, Usiogope."

Kutoka pangoni ni kupanda ngazi. Mama mmoja mzee, mweusi wa nguo kuanzia kitambaa hadi viatu, alininyooshea mkono bila kusema neno. Nikamshika, tukapanda taratibu.