Sikiliza neno dogo la mwisho: kujifunza phrasal verbs kwa muvi

Mwanafunzi aliyemaliza kidato cha nne Tanzania anayajua maneno “extinguish”, “postpone”, “investigate” na “tolerate”. Ameyasoma kwenye vitabu vya biolojia na jiografia, na kwenye mtihani anayaandika bila kukosea. Kisha anafungua muvi. Askari wa zimamoto anasema “put it out”, bosi anasema “put it off”, mpelelezi anasema “I'll look into it”, mke anamwambia mumewe “I can't put up with this”. Kila neno analijua: put, look, out, off, up. Sentensi nzima imempita, ingawa kila moja inabeba maana ya lile neno alilolisoma shuleni.

Shule ilimpa Kiingereza cha vitabuni, chenye maneno mengi yaliyotoka Kilatini na Kifaransa. Watu wakiwa jikoni, garini au kwenye ugomvi hawaongei hivyo. Wanatumia vitenzi vya maneno mawili au matatu, vile ambavyo darasani huitwa phrasal verbs. Muvi zimejaa hivyo, ila lazima ujue sikio lako unalielekeza wapi.

Kosa kubwa ni kuanza na orodha. Unafungua daftari, unaandika “get up, get on, get over, get by, get away” hadi mstari wa arobaini, na baada ya wiki mbili umebaki na “get up” peke yake. Orodha hiyo imepangwa kwa neno lisilobeba mzigo. “Get” ni jepesi kama pamba. Mzigo uko kwenye neno dogo linalofuata, na sisi tunaoongea Kiswahili tuna sababu nzuri ya kuanzia hapo.

Angalia tunavyosema: “alitoka mbio”. Kitenzi ni “toka”, na “mbio” inaeleza alivyotoka. Kiingereza kinageuza: “he ran out”. Mbio zimekuwa kitenzi, na kule kutoka kumesukumwa kwenye “out”. Ndiyo kusema kile ambacho kwetu ni kitenzi, kwao mara nyingi ni hilo neno dogo. Kwa hiyo unaposikia, tafsiri kuanzia nyuma. “Out” ni toka, “in” ni ingia, “up” ni panda, “down” ni shuka, “back” ni rudi, “across” ni vuka, “off” ni ondoka au banduka. Ukishapata hapo, neno la kwanza linakuambia namna tu. “Sneak in”: ingia kwa kunyata. “Storm out”: toka kwa hasira. “Break in”: ingia kwa kuvunja. “Crawl back”: rudi kwa kutambaa. Hata kitenzi cha kwanza kikiwa kigeni kwako, nusu ya maana tayari unayo, na picha kwenye skrini inakumalizia iliyobaki.

Baada ya mwelekeo wa mwili kuna mwelekeo wa mawazo. “Out” ni kitu kutoka gizani na kujulikana: “find out”, “figure out”, “point out”, “turn out”. Pia ni kitu kuisha: mafuta “run out”, taa “go out”, viatu “wear out”. “Up” mara nyingi ni kumaliza kabisa, kile tunachosema kwa “yote” au “kabisa”: “drink up”, “use up”, “burn up”. “Down” ni kupungua na kutulia: “calm down”, “slow down”, na “turn down”, ambayo ni kupunguza sauti ya redio au kukataa ombi la mtu. “On” ni kuendelea kushika: “go on”, “carry on”, “hold on”. Jozi ya “on” na “off” tunaijua vizuri kwa vaa na vua, washa na zima.

Si vyote vitakutii. “Give up”, “put up with” na “make out” huwezi kuvikisia kwa sehemu zake, hivyo unavibeba vizima vizima. Lakini ukijua tabia za maneno saba au manane ya mwisho, vigumu vinabaki vichache na vinakumbukika kwa sababu ni vichache.

Sasa sikio. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: kitábu, wanafúnzi. Sikio letu limezoea neno likiishia kwa ulaini. Phrasal verb nyingi hufanya kinyume. Uzito unaangukia neno la mwisho: “shut UP”, “find it OUT”, “put it DOWN”. Hapo ndipo muvi inakishinda kitabu, kwa sababu kitabu hakina mkazo. Sikiliza tofauti ya “What are you looking at?” na “Why are you giving up?” Zote zinaishia na neno dogo, lakini “at” linapita bila nguvu na “look” ndiyo nzito, ilhali “up” linapigwa wazi kabisa. Ukilisikia neno dogo limepigwa kwa nguvu, kuna uwezekano mkubwa ni phrasal verb. Likimezwa, mara nyingi ni kihusishi cha kawaida.

Kuna jambo lingine linalowakwamisha wengi: maneno yanagandana. Mmarekani hasemi “pick… it… up”. Anasema kitu kama “pikirap”, kwa sababu “t” iliyokaa katikati ya irabu mbili inalegea na kukaribia “r” yetu. “Figure it out” inakuwa “figyariraut”. “Get out of here” inakuwa “geraura-hia”. Mwingereza wa kwenye tamthilia za London ataiacha “t” iwe wazi zaidi, “pikitap”, au ataikata kooni. Andika umbo hilo la sauti kwenye daftari kwa tahajia ya Kiswahili, kando ya tahajia sahihi. Mwalimu anaweza asipende, lakini ndilo litakalokusaidia kulitambua mara ya pili.

Na hiyo “it” katikati haitupi shida kama inavyoonekana. Tunasema “nita-ku-chukua”, tunamweka mtendwa ndani ya kitenzi. Wao wanasema “I'll pick you up”, nao wamemweka katikati. Sheria ni hii: kiwakilishi kama it, him, them au you lazima kikae katikati. Nomino inaweza kukaa katikati au mwisho, “pick the kids up” au “pick up the kids”, zote sawa. “Pick up them” haipo. Vipo pia visivyokubali kutenganishwa: “look after him”, “run into her”, “get over it”. Muvi itakuonyesha kipi ni kipi kuliko sheria yoyote, mradi uandike sentensi nzima badala ya maneno mawili peke yake.

Tuje kwenye kazi yenyewe. Usijifunze kwa muvi nzima. Itazame yote mara moja kwa raha yako, bila kusimamisha, kisha chagua vipande vitatu vya dakika mbili mbili. Chagua vya nyumbani, ofisini, hospitalini au kituo cha polisi. Muvi za wafalme na mapanga zina Kiingereza cha kutunga, na muvi za milipuko zina maneno machache. Ninachopendekeza kwa anayeanza ni mandhari ya simu, maana seti nzima inakuja pamoja: “pick up” ni pokea, “hang on” ni subiri kidogo, “speak up” ni ongeza sauti, “we got cut off” ni simu imekatika, “call me back” ni nipigie tena, na “hang up” ni kata simu. Hii ya mwisho imetoka enzi ambazo mkono wa simu ulitundikwa ukutani ukimaliza kuongea, na ukishaiona kwenye muvi ya zamani huisahau.

Kama muvi uliiangalia kwanza ikiwa imetafsiriwa, ile ya kina Lufufu kwa Tanzania au DJ Afro kwa Kenya, hujapoteza muda. Sauti ya mtafsiri inafunika mazungumzo, kwa hiyo huwezi kujifunzia Kiingereza hapo, ila hadithi unayo tayari na sasa unaweza kushughulika na lugha tu.

Kwenye kompyuta tumia VLC, programu ya kuchezea video. Zungusha kipande hivi. Mara ya kwanza bila sabtaito. Mara ya pili bila sabtaito pia, ukiandika maneno madogo tu unayoyasikia yamepigwa kwa nguvu: up, off, out. Mara ya tatu washa sabtaito za Kiingereza kwa kubonyeza V, ulinganishe. Shift pamoja na mshale wa kushoto inakurudisha sekunde 3, na hizo zinatosha kwa sentensi moja. Kitufe cha mabano ya mraba, kile cha kufungua, kinapunguza spidi hatua kwa hatua. Ishie 0.8. Ukishuka sana, mkazo unavurugika na unajifunza sauti ambayo hakuna mtu anayeitoa. Kwenye simu, YouTube ina spidi ya 0.75, na kugonga mara mbili upande wa kushoto kunakurudisha sekunde 10.

Sabtaito zenyewe chagua zile za wasiosikia, zilizoandikwa SDH au CC. Za kawaida mara nyingi hufupishwa ili msomaji awahi, na kinachokatwa kinaweza kuwa hicho hicho unachokitafuta. Zikitangulia au kuchelewa kidogo, G na H zinazisogeza. Zikianza sawa kisha zikaachana na sauti kadiri muvi inavyoendelea, usihangaike na vitufe. Faili hilo limetengenezewa spidi nyingine ya picha, 25 kwa sekunde badala ya 23.976, na baada ya saa moja tofauti inafika dakika mbili na nusu hivi. Tafuta faili jingine.

Faili la sabtaito, lile lenye mwisho wa .srt, ni maandishi matupu. Ni dogo mno, halili bando, na linafunguka kwa Notepad. Lifungue, bonyeza Ctrl na F, kisha tafuta “it up”, “it out”, “it off”, “him in”, “you down”. Kiwakilishi kikifuatwa na neno dogo namna hiyo, mara nyingi umeipata phrasal verb. Tafuta pia “up.” na “up?” pamoja na alama zake, upate zilizoishia sentensi. Juu ya kila mstari kuna saa, mfano 00:14:32, kwa hiyo unaruka moja kwa moja hadi hapo na kuisikia ikisemwa. Ukitafuta “up” peke yake utaletewa na “upset” na “supper”, utachoka bure.

Kwenye daftari, mstari mmoja uwe hivi: 00:14:32, “I'll drop you off at the station”, nitakushusha, kaka kwa mdogo wake. Saa, sentensi nzima, kitenzi kimoja cha Kiswahili, nani kwa nani. Hilo la mwisho watu huliruka, nalo ndilo linaloonyesha adabu. “Shut up” na “get lost” zinasikika kila muvi, lakini ukimwambia mkubwa wako kazini utakuwa umemtukana. Na usiandike “drop ni angusha, off ni mbali”. Kama huwezi kupata kitenzi kimoja cha Kiswahili, bado hujaielewa. Rudi utazame tena. Tano kwa muvi moja zinatosha. Zisome kesho yake, siku ya 3, ya 7 na ya 21, na kila mara zitamke, usizisome kimya.

Kuna mitego ya kuangalia. “He ran up the hill” si phrasal verb. Alipanda kilima mbio tu. “He ran up a bill” ndiyo phrasal verb, amelimbikiza deni. Jaribu kulipeleka neno dogo mwisho: “he ran a bill up” inakubali, “he ran the hill up” inakataa. Kipimo hiki hakifanyi kazi kwa zile zisizotenganishwa, lakini kwa nyingine kinaokoa.

Mtego wa pili ni wa kwetu. Kiingereza cha Afrika Mashariki mara nyingi kinadondosha neno dogo: “pick the phone”, “I'll pick you at five”. Mahali pengine kinaliongeza: “cope up with”. Nairobi na Dar tunaelewana vizuri kabisa. Kwenye muvi utasikia “pick up the phone”, “pick you up” na “cope with”, na kama unajiandaa kwa IELTS, mtihani wa kimataifa wa Kiingereza, fuata hizo. Mtego wa tatu ni nchi: fomu hiyo hiyo Mwingereza “fills in” na Mmarekani “fills out”, na kazi ya darasani Mwingereza “hands in”, Mmarekani mara nyingi “turns in”. Andika nchi kando ya mstari.

Ukishakuwa na mistari kama ishirini, chukua simu ujirekodi. Cheza sentensi moja ya muvi, isimamishe, iseme wewe, kisha sikiliza zote mbili mfululizo. Usijali lafudhi. Sikiliza kitu kimoja tu: “up”, “off” au “out” yako imepigwa kwa nguvu kama yao, au imelegea kama silabi ya mwisho ya Kiswahili? Ikiwa imelegea, sema hilo neno dogo peke yake mara tatu, rudisha neno la kwanza, rekodi tena.