Shubiri kumi na mbili za maji

Aliyenishauri jinsi ya kuhesabu maji yakipwa ni mhasibu, ndiyo maana nikamwamini. "Bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hushuka mita 3 kwa saa 6. Gawa, shekhe! Kila saa nusu mita."

Basi. Boti ilitia nanga Sahare, Tanga, pale panapokauka kabisa maji yakipwa. Yalijaa saa 10 alfajiri, kina mita 3. Ikijaa samaki na barafu, boti yangu haielei chini ya sentimita 80. Nikagawa zile 220 zilizobaki, nikapata saa 4 na dakika 24. Mabaharia wakasema tuondoke mapema, nikawaonyesha karatasi. Saa 2 kasoro asubuhi bado napanga barafu, napiga na mluzi, boti ikagusa tope ikalala ubavu. Nusu saa kabla ya muda wangu! Watoto wakaja kutuzunguka kwa miguu. Mmoja akauliza chombo kinauzwa bei gani. Tulielea tena saa 6 na nusu mchana, samaki wetu, wale changu, macho yamezama. Hasara elfu themanini hivi, labda zaidi, sikutaka kujumlisha.

Bamvua iliyofuata nikafunga mtumbwi kwenye nguzo moja majini, na chupa ya chai. Toka maji makavu, kila saa nachanja alama kwa kisu pale yalipofika. Kesho yake yakapwa tena, yakichelewa kama dakika 50 kama kawaida yake, nikaenda kupima. Alama za juu nikampandisha mtoto wa dada, na kijiti cha urefu wa shubiri yangu, maana shubiri ya mtoto ni fupi na mimi mkono wangu ni mkubwa, sentimita 25.

Moja. Mbili. Tatu. Tatu. Mbili. Moja.

Nilicheka peke yangu. Maji huanza polepole, katikati yanakimbia, mwisho yanachoka. Ukichora unapata mkunjo wa wimbi, ule wa trigonometri niliofelia. Kwa saa 4 yanashuka shubiri 9, yaani sentimita 225, si 200 za mhasibu.

Maji mafu, yale madogo ya nusu mwezi, tofauti ya kujaa na kupwa ni kama mita 1 tu, kwa hiyo fungu moja kati ya yale kumi na mawili nalihesabu vidole vinne. Mafungu ni yale yale. Na siku za upepo naacha shubiri nzima ya akiba.

Nahodha wangu alipoona ile nguzo alisema, "Kumbe ulihitaji kisu, mwanangu? Mimi nilikwambia tuondoke."

Mhasibu bado hajanilipa hela ya barafu.