Siku Moja na Kipande cha Ubongo Kinachodunda

Saa 1:00 asubuhi. Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya fiziolojia, na siku yangu huanza kwa kuchanganya maji. Nayaita maji kwa mazoea tu. Kwa hakika ni mmumunyo wa chumvi na sukari unaoiga ugiligili wa ubongo, nao hupulizwa gesi yenye asilimia 95 ya oksijeni na asilimia 5 ya kabonidioksidi. Nikikosea vipimo saa hii, adhuhuri nitajuta.

Saa 3:00. Kwa mashine yenye wembe unaotetema, ninakata shina la ubongo la panya mchanga aliyekwisha kutiwa dawa ya usingizi. Kipande ninachokitafuta kina unene wa takriban nusu milimita, na ndani yake limo kundi la seli za neva liitwalo preBötzinger, ambalo mwaka 1991 Jeffrey Smith, Jack Feldman na wenzao walionyesha kuwa ndiko mdundo wa kupumua unakochipukia. (Jina hilo asili yake ni chupa ya mvinyo wa Kijerumani, wanasayansi nao ni watu.)

Saa 5:00. Nimenasa mzizi wa neva ya ulimi kwa elektrodi ya kunyonya, yaani kijibomba kinachovuta ncha ya neva na kupokea umeme wake, na potasiamu ya mmumunyo nimeipandisha kutoka milimoli 3 hadi 9 kwa lita ili kuzichangamsha seli, kwa sababu kipande kimekatiwa vichocheo vingi vilivyokuwa vikikifikia kutoka kwingineko. Mstari wa skrini unalala, unainuka ghafla, unashuka, na baada ya sekunde chache unainuka tena. Hapana mapafu wala kiwambo (msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu), lakini amri ya kuvuta pumzi inaendelea kutolewa. Mjadala wa miaka mingi ni iwapo mdundo huo unaanzishwa na seli chache zenye uwezo wa kujiamsha zenyewe, au seli nyingi zinazoamshana hadi zikalipuka kwa pamoja. Kwa niliyoyaona mezani, naelemea upande wa kuamshana, kwani kabla ya kila mlipuko huonekana mnong'ono mdogo unaokua.

Saa 6:40. Povu limeingia kwenye mrija, kipande kimetikisika, na neva imechomoka. Nusu saa imepotea.

Saa 8:00. Tunaongeza dawa ya jamii ya opioidi, na nafasi kati ya mdundo na mdundo inazidi kurefuka. Seli hizi zina vipokezi vya dawa hizo, na hiyo ni sababu mojawapo ya mtu aliyezidisha mofini kuacha kupumua. Tukiweka naloksoni, dawa inayozuia opioidi, mdundo unarudi taratibu.

Saa 9:30. Mwanafunzi ananiuliza, "Mwalimu, mbona mtu hawezi kujiua kwa kubana pumzi?" Namjibu kwamba gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje linalohusika na utashi, linaweza kuizuia misuli ya kupumua kwa muda, lakini kabonidioksidi inapopanda damuni, vihisi vilivyo upande wa chini wa medula (sehemu ya mwisho ya shina la ubongo), vikisaidiwa na vile vya mishipa ya shingoni, huongeza msukumo hadi utashi ushindwe; na hata kama angezirai, shina la ubongo lingeendelea na kazi yake.

Saa 11:00 jioni. Nanakili vipimo daftarini na kusuuza mirija kwa maji yaliyotoneshwa. Kwenye skrini mstari bado unainuka, ila kwa kuchelewa. Naandika muda wa mdundo wa mwisho, kisha nazima pampu.